Nani Analipia Paa la Mji Mkongwe?

Kuna hoteli moja ndani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ambayo ukiingia tu unakutana na picha ya mzee. Amevaa kanzu na kilemba, ameketi kwenye kiti cha mbao, mkono wa kulia umeshika bakora. Picha ni kubwa, imetiwa fremu nzuri, na juu yake imewekwa taa ya kuimulika. Siku moja nilikwenda kumchukua rafiki aliyefikia hapo. Kijana wa mapokezi akanisalimu, "Shikamoo, mzee," nikamwitikia, kisha nikamuuliza huyo aliye pichani ni nani.

Akageuka kuitazama kama aliyeoneshwa kitu kipya. "Wallahi sijui, mzee wangu. Nimemkuta hapahapa. Nadhani ni pambo tu."

Kijana hana kosa. Hakuna aliyemwambia, na huenda hata aliyeitundika picha hakuambiwa. Lakini nilitoka pale na fundo moyoni. Wageni wanalipa fedha nzuri kwa usiku mmoja kwa sababu nyumba ile ni ya kale, na ndani ya nyumba nzima hapana anayejua ilijengwa na nani, waliishi akina nani, wala kama mzee anayewakaribisha mlangoni alikuwa nahodha, kadhi au mfanyabiashara wa karafuu.

Muuza samaki hununua mnadani kabla ya kuuza. Muuza khanga hulipia mzigo wake kabla haujafika dukani. Mwenye hoteli, mwenye mkahawa, mtembeza wageni na muuza vinyago wa Mji Mkongwe wote wanauza bidhaa moja iliyo kubwa kuliko vyumba, vyakula na vinyago vyao, nayo ni historia ya mji. Hiyo wengi wao wanaichukua bure.

Nasema hivi si kwa kuwaonea choyo. Nataka wapate zaidi. Historia ya mahali inalipa, na inalipa vizuri, ila malipo yake humfikia kwa miaka mingi yule anayegharimia upande wake usioonekana: paa, mlizamu wa maji ya mvua, chokaa, daftari, ujira wa fundi, muda wa bibi anayezijua habari za mtaa. Bango lenye nembo ya kampuni kwenye tamasha ni jambo jema, lakini tamasha likiisha bango linakunjwa.

Tuangalie kwanza ushindani ulivyo. Mchanga mweupe na bahari ya buluu vinauzwa Maldives, vinauzwa Shelisheli, vinauzwa Morisi, vinauzwa Diani, na hapahapa kisiwani vinauzwa Nungwi, Kendwa na Paje. Mgeni anayetaka ufuo tu hufungua simu yake, akalinganisha bei, akachagua penye nafuu. Katika biashara ya namna hiyo kila mmoja anamkata mwenzake, na anayeumia mwishoni ni mfanyakazi anayepunguziwa mshahara. Mji Mkongwe haulinganishwi hivyo. Hakuna mji mwingine ambao Sultan Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883, wala vichochoro vingine alivyopita Siti binti Saad akienda kuimba. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa sababu ya mambo hayo, na hapana mshindani anayeweza kuagiza kontena la mambo kama hayo kutoka ng'ambo.

Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni wa nje zaidi ya 600,000. Wengi wao hushuka, wakazunguka Mji Mkongwe kwa nusu siku, wakapiga picha milango ya nakshi, kisha wakapakiwa kwenye gari kwenda ufukweni. Kwa mfanyabiashara wa mjini suala zima liko hapo: usiku wa pili. Mgeni akilala usiku wa pili, kuna chakula cha usiku Forodhani, kuna chai ya asubuhi, kuna khanga ya mama yake, kuna teksi, kuna bahashishi. Na kinachomlaza usiku wa pili hakiwi ukubwa wa kitanda. Ni kule kuhisi kwamba bado hajaumaliza mji, kwamba ule mlango alioupita mchana una habari yake ambayo kesho ataisikia. Mji ambao hakuna anayeweza kuusimulia humalizwa kwa saa mbili.

Sasa nije kwenye paa, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, na sakafu zake za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vya kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti, na boriti nyingi hazivuki mita tatu hivi. Boriti hizohizo majahazi yalizipakia kutoka Lamu na Rufiji hadi nchi za Ghuba, kwa hiyo ukiingia nyumba ya kale kule utakuta chumba chenye umbo ulilolizoea katika mitaa yetu ya Shangani au Malindi. Ukuta wa namna hii ni mnene na unadumu karne, kwa sharti moja: uwe mkavu. Kuta hizi zinapumua. Maji yakiingia kidogo, chokaa huyaachia yatoke. Fundi wa haraka akija na mfuko wa saruji, akapiga lipu ngumu juu ya chokaa, amezifunga pumzi zake. Maji yanabaki ndani, chumvi inapanda, lipu inabanduka vipande vipande, na ncha za boriti zilizoshikwa ukutani zinaoza kimyakimya pale ambapo hakuna anayezitazama. "Usipoziba ufa utajenga ukuta" kwingine ni methali. Kwa Mji Mkongwe ni maelekezo ya fundi.

Adui basi ni maji, na mlango wake ni paa bovu na mlizamu ulioziba majani. Hii ni kazi isiyo na picha ya kupendeza. Hakuna waziri anayeitwa kuzindua mlizamu. Kampuni ikitoa fedha za kuziba paa, hakuna mahali pa kuweka nembo. Nadhani ndiyo sababu fedha hazifiki huko.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, ilianguka. Wafanyakazi wawili walikufa. Jengo lilikuwa katika ukarabati uliogharimiwa na Oman, lakini udhaifu wake ulikuwa wa miaka mingi. Tangu mwaka 2012 sehemu yake nyingine ilikuwa imekwisha kuporomoka. Lile lilikuwa jengo lililoanza kuwa na umeme mjini, jumba lililosimama wakati mizinga ya Waingereza ilipopiga kasri la jirani yake mwezi Agosti 1896, na baadaye likawa jumba la makumbusho. Marehemu wawili kwanza, na Mungu awarehemu. Baada yao, tujiulize nani mwingine aliyepata hasara. Jengo ni la Serikali. Lakini picha yake ilikuwa kwenye kila karatasi ya tangazo la kila hoteli, madirisha ya mikahawa yaliligeukia, watembeza wageni walianza safari zao mbele yake, na wauzaji wa Forodhani walipika chini ya taa zake. Hao wote walianguka nalo kidogo kidogo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika katika hesabu zake mstari unaosema: matengenezo.

Mfanyabiashara atanijibu, na nimeshajibiwa hivyo barazani mara nyingi: "Mimi nalipa kodi, nalipa leseni, nalipa ada ya hiki na kile. Historia ni kazi ya Serikali." Jibu hilo lina ukweli. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu mwaka 1985, na kazi yake ni hiyo. Lakini tangu lini mji huu ulijengwa na Serikali peke yake?

Tazama Zahanati ya Zamani pale mbele ya bandari, lile jengo la roshani za mbao zilizochongwa kama kazi ya sonara. Aliyeliweka jiwe la msingi mwaka 1887 ni Tharia Topan, mfanyabiashara, aliyepata utajiri wake katika biashara na ushuru wa forodha wa enzi hizo. Alikusudia liwe hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha, na lilipokamilika mwaka 1894 lilikuwa tayari ni ukumbusho wake. Leo hakuna anayekumbuka bei alizouzia karafuu. Jina lake linatajwa kila siku na kila mtembeza wageni anayepita pale, kwa ajili ya jengo alilotoa. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati, na mwaka 2009 ukamaliza kutengeneza upya bustani ya Forodhani. Katikati ya hayo, mwaka 1997, taasisi za familia hiyohiyo zilifungua hoteli ya Serena Shangani, katika jengo la kale la kampuni ya simu za chini ya bahari. Unaweza kuuona mpango wa watu hawa kwa macho: walitengeneza hoteli, wakatengeneza na njia anayopita mgeni akitoka hotelini. Na bustani ilipotengenezwa, muuza mishikaki na muuza maji ya muwa nao walipata mahali safi pa kusimama, bila kuwa na hisa popote.

Lipo pia jambo letu la kale zaidi, nalo ni wakfu. Mtu alikuwa na maduka matatu; moja akaliweka wakfu, kodi yake itengeneze msikiti wa mtaa, ilishe yatima, ichimbe na kusafisha kisima. Duka haliuzwi, halirithiwi, na kazi ya kodi yake imeandikwa. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu mpaka leo, na zipo chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hali za baadhi ya nyumba hizo ni za kusikitisha, maana kodi ilibaki ndogo huku gharama zikipanda. Lakini fikra yenyewe haina kasoro. Wazee wetu walijua kwamba kitu cha kudumu hakitunzwi kwa mchango wa ghafla. Kinatunzwa kwa pato dogo lisilokatika.

Hebu tufanye hesabu kwa mfano. Hoteli ina vyumba ishirini, na kwa wastani wa mwaka vyumba kumi na viwili vina wageni. Mwenye hoteli anaamua kwamba dola moja ya kila chumba, kila usiku, ni ya mtaa. Hiyo ni dola 12 kwa siku, dola 4,380 kwa mwaka, dola 365 kwa mwezi. Mgeni hataihisi. Lakini ni fedha ya kumweka fundi mmoja wa chokaa kazini mwaka mzima: anapanda juu ya mapaa ya majirani kabla ya mvua, anasafisha milizamu, anaziba nyufa, anafundisha kijana mmoja. Hoteli tano za mtaa mmoja zikifanya hivyo, zina kikosi. Na faida haiendi mbali, kwa kuwa nyumba za Mji Mkongwe zimeegemeana. Ukuta wa jirani ukilowa, wako unalowa. Nyumba ya jirani ikianguka, kichochoro kinafungwa na mgeni wako hafiki mlangoni.

Mafundi hao wanazidi kupungua. Kuchoma mawe ya chokaa tanurini, kuizima kwa maji, kuiacha ikae wiki na miezi mpaka iwe laini kama samli, kujua kwa kidole tu kama imefaa: hayo hayasomwi kwenye karatasi. Biashara inayompa fundi kazi ya mwaka mzima badala ya kumwita jumba linapobomoka inanunua kitu ambacho baada ya miaka ishirini huenda hakitanunulika kwa bei yoyote.

Nilianza na picha ya mzee, na sasa narudi kwake, kwa sababu upande wa pili wa matengenezo ni habari. Wazee husema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakiwasema wachuuzi, lakini historia nayo ni mali.

Mji Mkongwe kuna studio ya picha iitwayo Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Ilikuwa biashara kama studio nyingine: watu walikuja kupiga picha za harusi, za paspoti, za Idi. Mwenye studio akapiga pia mitaa, bandari, sherehe za masultani, na baadaye mambo ya Mapinduzi. Picha na filamu zake hazikutupwa. Miaka tisini baadaye, studio iliyokuwa inauza huduma ambayo sasa kila mwenye simu anajifanyia ilikuwa na kitu ambacho hakuna mwenye simu anacho: mji wenyewe, mwaka kwa mwaka, ukutani. Wageni huingia, wenyeji huingia kumtafuta bibi yao. Ukitaka mfano wa biashara iliyookolewa na kumbukumbu zake, usiende mbali.

Mombasa kuna mwingine. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianzishwa mwaka 1887, na khanga zake zenye alama ya "Mali ya Abdulla" zimevaliwa pwani yote kwa vizazi. Viwanda vya nje vinatoa khanga za bei rahisi kila siku, na jicho la haraka halioni tofauti. Lakini bibi wa Lamu au wa Tanga akishika doti mkononi hutafuta ile alama pindoni. Kinachompa imani ni uzi, na ni miaka. Mwenye duka anayejua kwamba babu yake alifungua mwaka fulani, katika mtaa fulani, akiuza kitu fulani, ana jambo ambalo mpinzani aliyefungua jana hawezi kuliiga hata akikopa benki nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye mkahawa, mwenye tanuri la mikate, mpika halua na fundi wa kofia ni mdogo sana wala haugharimu. Tafuta leseni ya kwanza ya baba. Tafuta picha za duka. Mketishe shangazi, washa simu, mwache azungumze. Andika majina ya waliofanya kazi pale, pamoja na hamali na mpishi, si jina la tajiri tu. Nakala moja iweke nyumbani, nyingine ipeleke Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Kisha chache katika hizo zitundike dukani, kila moja na maelezo yake chini.

Yule kijana wa mapokezi, nashukuru kusema, hakuishia pale. Niliporudi hotelini baada ya wiki kadhaa alinidaka mlangoni. Alikuwa ameipiga picha kwa simu, akamwonesha bibi anayeuza vitumbua nyuma ya hoteli, na bibi akamtambua mzee palepale. Alikuwa nahodha wa jahazi, mtu wa mtaa uleule, aliyekuwa akienda Bara Hindi na kaskazi ikigeuka kusi. Kijana akaandika kwenye karatasi, akaibandika chini ya fremu. Sasa, aliniambia, wageni husimama pale, huuliza kaskazi ni nini, na yeye huwatoa nje kuwaonesha upande upepo unakotoka. Bibi wa vitumbua naye alipata wateja. Mwenye hoteli hakutoa hata senti, jambo ambalo linanifurahisha na kunitia hamu ya kujua: angetoa kidogo, yangepatikana mangapi?

Kuna tahadhari mbili ambazo siwezi kuziruka.

Ya kwanza ni kwamba mwenye fedha akilipia historia hushikwa na tamaa ya kuitia sukari. Historia ya Zanzibar ina uchungu mwingi. Karafuu inayonusishwa wageni mashambani ilipandwa na kuchumwa na watumwa. Pale Mkunazini lilikuwapo soko la watu mpaka mwaka 1873, na kanisa kuu la Anglikana lilianza kujengwa juu ya uwanja huo mwaka huohuo. Mwaka 2016 kituo cha maelezo ya biashara hiyo kilifunguliwa hapo, na kinavuta watu wengi. Biashara inayoogopa kwamba mgeni atakimbia akisikia habari chungu haijamjua mgeni. Mtu aliyeambiwa kweli humwamini aliyemwambia, na mteja anayekuamini hurudi.

Lakini kweli inahitaji kazi. Vyumba vya chini vya Mkunazini huoneshwa kama mahabusu ya watumwa, na wanahistoria wamelihoji jambo hilo, kwa kuwa jengo la juu yake ni la wamisionari, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Soko lilikuwapo, unyama ulikuwapo. Hakuna haja ya kuuongezea. Hapa kampuni inaweza kusaidia kwa njia rahisi: kumlipa mtafiti, kugharimia mafunzo ya watembeza wageni, kisha kuiacha kalamu mikononi mwa wanaojua. Nairobi kuna jengo la mwaka 1913 ambalo mpaka leo linaitwa Kipande House, kutokana na kipande, kitambulisho ambacho Mwafrika alilazimishwa na wakoloni kukibeba. Sasa ni tawi la benki ya KCB. Benki ingeweza kulipa jina tamu zaidi. Imeliacha, na anayeingia kuweka akiba yake anapita chini ya jina ambalo babu yake alilijua vingine.

Ya pili ni wakazi. Nyumba ikigeuzwa hoteli hupata paa jipya, lakini familia hutoka. Ikigeuzwa ya pili na ya tatu, mtaa hupata taa nzuri na hukosa watoto wa madrasa. Jaws Corner bila wazee wanaobishana mpira na siasa juu ya kahawa ni makutano ya vichochoro tu. Na jengo la Mambo Msiige lilipogeuzwa hoteli kubwa mbele ya bahari, Kamati ya Urithi wa Dunia yenyewe ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa wa ujenzi mpya. Mwekezaji anayehesabu vizuri anajua kwamba wakazi ni sehemu ya anachokiuza. Kumsaidia jirani asiye na uwezo kuziba paa lake ili aendelee kuishi pale ni kitega uchumi kama kununua magodoro mapya, na mimi ningekitanguliza.

Na matamasha? Yana nafasi yake, wala siyabezi. Sauti za Busara ilianza mwaka 2004, na kila Februari Ngome Kongwe hujaa ngoma, taarabu na wasanii wa Afrika nzima. Hoteli za mjini hujaa nayo. Mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Ilirudi mwaka uliofuata, lakini Februari ile ilikuwa somo kwa kila aliyezoea kujaza vyumba kwa jasho la wenzake. Baadaye miongoni mwa wadhamini wakaingia waendelezaji wa mji mpya wa Fumba. Walioliona hilo upesi ni wajenzi wa nyumba mpya kabisa, kilomita kadhaa kutoka mjini, kwa sababu anayeuza nyumba zisizo na kumbukumbu anajua anachokosa. Wenye nyumba za miaka mia na hamsini wameketi juu ya kitu hicho na hawakihisi.

Kaskazi ikivuma jua huwa kali, boriti hukauka, na chokaa ikipigwa wakati huo inashika. Masika huingia Machi. Mwenye hoteli anayesoma haya na apande leo darini kwake akiwa na tochi, atazame ncha za boriti zinapoingia ukutani, kisha amwombe jirani ruhusa ya kupanda na kwake.